Siku Niliyojaza Rejeta za Watoto wa Timau

Nimekaa na aibu hii miaka mingi na nilikuwa nimeamua nitazikwa nayo, lakini juzi mtu mzima mwenye ndevu alinisimamisha sokoni, akanikumbatia mbele ya watu huku akipiga kelele, "Dereva! Dereva wa mkojo!" na wote waliokuwa wananunua viazi wakageuka kunitazama, kwa hiyo naona heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa sioni mahali pa kuiongezea).

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani Kianjai bila mpango wowote. Sikuwa nimegombana na mtu wala kuitwa mahali. Mimi niliacha shule darasa la saba kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka kuyauliza (mama yangu ana maelezo mengine, lakini hayupo hapa), na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda tu kuona. Nilipofika barabarani nikakuta kanta, lori la kubebea viazi, likiwa tupu, nikamwuliza dereva anakwenda wapi, akasema Timau kuchukua viazi, nikamwuliza Timau kuna nini kingine zaidi ya viazi, akafikiri kidogo akasema, "Baridi." Alivyoitaja ungedhani nayo inauzwa kwa gunia. Nikapanda nyuma nikakaa juu ya magunia matupu, nikiwa na shati moja, na hilo shati lenyewe lilikosa vifungo viwili.

Tulifika saa nne. Jamani, kuna baridi halafu kuna Timau. Nilishuka meno yakigongana, nikatembea ili nipate joto, nikapita mashamba ya ngano yasiyo na mwisho na trekta moja ikinguruma mbali, mpaka nikafika mahali watu walikuwa wanasimamisha hema kwenye uwanja wa shule ya nasari. Kando ya uwanja kulikuwa na kijumba kipya kimepakwa rangi ya samawati, mlango wake wa mbele umefungwa, na mbele ya mlango wamezungusha riboni nyekundu yenye ua kubwa katikati. Sikuwa nimewahi kuona nyumba iliyopambwa kama bibi harusi.

"Hii nyumba nzuri namna hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ni choo," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa makoti mawili. Hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu Kagwiria, mwalimu mkuu wa ile nasari (na mwalimu wa pekee, ukitaka ukweli). Akanipima kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu vilivyokuwa vimegeuka zambarau.

"Wewe kijana, unajua kufanya kazi ama unajua tu kuuliza?"

"Zote mbili, mwalimu."

"Umekuja kwa nani hapa?"

"Kwa mtu yeyote."

"Na utalala wapi? Kwa sababu hapa mtu halali nje. Asubuhi tunamkuta amekuwa jiwe."

Swali hilo sikuwa nimejiuliza, mimi na maswali yangu yote. Akaniona natazama vidole vyangu, akanieleza shida yake, na nikiifupisha ilikuwa hivi. Siku hiyo mgeni wa heshima, mkubwa fulani wa mambo ya elimu, alikuwa anakuja kufungua choo kilichojengwa kwa harambee. Kila kukiwa na sherehe pale, watoto walipewa soda, na siku za kawaida walikuja na juisi za rangi zinazopaka ulimi kijani, na chai tamu kwenye chupa, na meno yao yalikuwa yanaoza kabla hayajamaliza kuota. Mwalimu alikuwa amesema na kusema kwamba kinywaji cha mtoto mdogo ni maji na maziwa, basi. Lakini mwenyekiti wa kamati, Mzee M'Arimi, alishikilia kwamba kumpa mtoto maji siku ya sherehe ni kumtukana yeye na wazazi wake, kwa sababu maji hupewa ndama. Mwishowe wakapatana: leo watoto wapewe maji mbele ya wazazi. Wakiyanywa bila kulia, soda imekwisha katika shule hiyo. Wakilia, kreti za soda zilizopangwa nyuma ya darasa zitafunguliwa, na mwalimu asilete tena hayo maneno.

"Sasa mimi nina mgeni, nina hema, nina hotuba," akasema. "Wewe chukua watoto na maji. Hii ya maji ikipita vizuri, kuna chumba hapo nyuma, mlinzi alihama. Nitaambia kamati wakupatie. Ikiharibika, panda kanta yako urudi."

(Kanta ilikuwa imeshaondoka, lakini sikumwambia.)

"Uwape nusu kikombe saa hii, nusu nyingine mgeni akifika. Kidogo kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, na ni kweli nilisikia, masikio yangu hayakuwa na kasoro.

Watoto walikuwa thelathini na wanane, na kila mmoja alikuwa amevalishwa kama anayekwenda kulala mlimani: kofia ya sufu, sweta mbili, taiti, suruali juu ya taiti, mabuti ya mpira. Huwezi kujua nani ni mvulana na nani ni msichana, ni mafurushi tu yenye pua zinazotiririka. Furushi moja lililetwa na nyanya yake likiwa limeuma chupa ya kunyonya.

"Cucu," Mwalimu Kagwiria akasema, "Makena ana miaka minne. Chupa ni ya nini? Na hiyo ni chai."

"Ni maziwa, mwarimu. Chai nimeweka ya kumpa rangi tu."

"Na sukari ya kumpa nini?"

"Ya kumnyamazisha," cucu akasema, akaing'oa chupa mdomoni mwa mtoto kuonyesha, na Makena akatoa mlio uliosimamisha watu wa hema. Nikaona chumba changu kinaanza kwenda.

Nikajaribu kuwagawia maji. Yalikuwa yamechemshwa jana yake na kuachwa kwenye sufuria usiku kucha, kwa hiyo yalikuwa baridi kama chuma. Wa kwanza akaonja, akatema kwenye buti langu (sikuwa na buti, ulikuwa mguu wangu). Wa pili akaanza kulia kwa sababu wa kwanza ametema. Pembeni, wazazi wamekaa kwenye viti wanatazama, na Mzee M'Arimi, mrefu, kofia kichwani, bakora mkononi, ananitazama kama mtu anayengojea tu wakati ufike wa kufungua kreti.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia jina. Kwanza niliyapasha maji moto yakawa vuguvugu (hilo halikuwa kosa, hilo hata leo nalitetea). Halafu nikasikia ile trekta ikinguruma shambani, nikaona vichwa vyote thelathini na vinane vimegeukia huko, nikapaza sauti:

"Nani hapa ni trekta?"

Makena akatoa kidole mdomoni. "Mimi."

"Trekta inaenda bila maji kwa rejeta?"

Watoto wa Timau wanajua matrekta kuliko wanavyojua kondoo. "Haiendi!" wakajibu. "Inachemka!"

"Basi mimi ni dereva. Njooni mjaze rejeta!"

Jamani, mngeona. Makena akamaliza kikombe kizima bila kupumua, akapangusa mdomo, akanguruma na kukata uwanja mbio, akazunguka hema, akarudi. "Dereva, imechemka! Jaza!" Nikajaza. Wengine wote wakataka. Wanakunywa, wananguruma, wanazunguka, wanarudi kwenye laini vikombe mkononi, na wazazi wakaanza kucheka na kupiga makofi, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Wangu hunywa maji akioga tu, na kwa bahati mbaya!" Mwalimu Kagwiria alinitazama kutoka kwenye hema kwa macho ya mtu anayeona mvua baada ya kiangazi. Mzee M'Arimi akageuza uso. Nami, badala ya kukumbuka nusu kikombe, nikakumbuka chumba, kitanda, labda na blanketi, nikaendelea kujaza. Wenye rejeta ndogo walikunywa vikombe viwili. Makena sitasema.

Mgeni alikuwa afike saa tano. Saa sita ikapita bila mgeni. Watoto wakapangwa mistari mitatu ya kuimba, wakaambiwa asitoke mtu. Saa sita na nusu, Makena akanivuta shati (kifungo cha tatu kikaenda hapo).

"Dereva, nataka choo."

"Enda, mama."

"Wapi?"

Nikageuka kutafuta choo, na ndipo akili yangu, ambayo tangu asubuhi ilikuwa kwenye kanta bado, ilipofika Timau. Choo cha zamani kilikuwa kimefukiwa jana yake, juu yake wamepanda maua, maana kamati haikutaka mgeni akione. Choo kipya kilikuwa nyuma ya riboni. Kuzunguka uwanja ni seng'enge na ngano fupi isiyoficha hata kuku, na wazazi pande zote. Nikamwendea Mzee M'Arimi, aliyekuwa amekaa kando ya riboni na bakora yake.

"Mzee, kuna mtoto amebanwa."

"Angoje."

"Mzee, ni mdogo."

"Kijana. Hiki choo tumekichangia miaka miwili. Tumeuza mbuzi. Mgeni ametoka mbali aje akifungue. Hakuna mkojo wa mtu utatangulia wa mgeni."

"Na huyo mgeni akichelewa?"

"Riboni ni riboni," akasema, nikaona hapo hakuna mlango.

Nilirudi kwenye mistari nikakuta thelathini na wanane wanacheza ngoma ambayo hawakufundishwa. Wengine wamekunja magoti, wengine wanaruka mguu mmoja, mmoja amejishika kwa mikono miwili na kufumba macho kama anayeomba. Wazazi walidhani ni wimbo unaanza, wakapiga makofi. Nikawaambia watoto wafikirie vitu vikavu. "Fikirieni mahindi makavu! Fikirieni vumbi!" Mvulana mmoja wa mstari wa mbele akanitazama kwa huruma, akasema, "Dereva, yangu imevuja," na nilipoangalia buti lake niliona kweli.

Sauti ya gari ikasikika barabarani. Mzee M'Arimi akaruka, akarekebisha kofia, akakimbilia langoni, na watu wote wazima wakamfuata kupokea mgeni. Riboni ikabaki peke yake. Nikaitazama. Ilikuwa imefungwa usawa wa kiuno changu, na mtoto wa nasari haifikii hata akiruka. Nikawaambia kwa sauti ya chini, "Matrekta yote, chini ya riboni, bila kuigusa, twende!"

Walipita kama vifaranga. Mimi nikalala kwa tumbo, nikatambaa, nikasukuma mlango wa bati kwa kichwa, na nilipoinuka ndani nikaona kitambaa cha kichwa kinapita chini ya riboni nyuma yangu. Alikuwa cucu wa Makena.

"Wewe hujui taiti," akasema akipumua kwa nguvu. "Vua mabuti na hizi suruali za juu. Mimi nitamaliza."

Akafunga mlango wa bati nyuma yetu. Ndani kulikuwa na ujia mwembamba na milango minne midogo. Cucu akasimama kwenye hiyo milango, mimi ujiani, na hapo nikajua mama wa Timau hafungi suruali ya mtoto kwa kifungo, anafunga kwa kamba, na mafundo mawili, na pini juu ili upepo usipite. Navuta buti, nafungua fundo kwa meno, navua suruali ya juu, naitundika shingoni maana misumari haikuwepo, nampitisha kwa cucu, navuta buti jingine. Waliochelewa wakaanza kulia, waliokwisha wakaanza kuuliza suruali yao ni ipi, na zote zilikuwa za kahawia, na nusu yake zilikuwa na unyevu ambao sikutaka kuuchunguza.

Huko nje nilisikia akina mama wakiimba. Nikajua bado kuna hotuba. Kumbe mgeni alikuwa na haraka, akasema hotuba zitafuata, waanze na riboni.

"Mheshimiwa," nikasikia sauti ya Mzee M'Arimi upande wa pili wa bati, karibu kabisa, "hapa mbele yako ni choo ambacho tangu kijengwe hakijaguswa na mtu yeyote."

Ndani, mtoto mmoja akapiga chafya. Cucu akanitazama. Mimi nikatazama mabuti.

Nikasikia mkasi, kacha, na makofi, na mlango wa bati ukafunguliwa.

Mgeni wa heshima, ndani ya suti nyeusi, mkasi mkononi, alimkuta mtu mzima amepiga magoti, ana suruali kumi na saba shingoni na nne begani, ameuma kamba ya suruali, na nyuma yake watoto wa taiti wamepangana ukutani mpaka mwisho. Nyuma ya mgeni, kamati nzima, wazazi, kwaya, na mtu wa kamera. Makena ndiye aliyesema kwanza. Alitokeza kwenye mlango wa kwanza akijivuta taiti, akamwona yule mkubwa amesimama, akamwonyesha mwisho wa mstari kwa kidole.

"Hata wewe una mkojo? Panga laini."

Mimi nilitamani ngano ya nchi nzima inifunike. Nikaanza kusema "Mheshimiwa, karibu" bila kuitoa kamba mdomoni, kwa hiyo nikatoa sauti ya mbuzi. Na yule mgeni (ambaye baadaye tuliambiwa alikuwa amepewa chai katika shule zote tatu alizopitia njiani) akamtazama Makena, akatazama mkasi wake, akampa Mzee M'Arimi aushike, akaingia, akasimama nyuma ya mtoto wa mwisho. Hakucheka. Alisimama tu pale, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mimi nikaendelea na mafundo yangu kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Baada ya mgeni kuondoka, kamati ilikaa hemani, nami nikasimamishwa katikati.

"Soda haingefanya hivi," Mzee M'Arimi akaanza.

"Kuna mtoto alilia akitaka soda?" Mwalimu Kagwiria akauliza.

"Walilia!"

"Walilia wakitaka choo, mwenyekiti. Soda nani aliitaja?"

Wazazi wakaangaliana. Hakuna aliyeweza kusema mtoto wake alikataa maji, maana wengi wao walikuwa wamemshika huyo mtoto mikononi, na ushahidi ulikuwa unawalowanisha. Mzee M'Arimi akagonga bakora chini mara mbili, akasema basi, maji yabaki, na maziwa, na kreti zirudishwe zilikotoka. Mwalimu akaongeza kwamba ni kidogo kidogo siku nzima, kwa kikombe, na choo kisifungwe tena hata kwa uzi, na wakati akisema "kidogo kidogo" alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Lakini huyu chumba hapati," mwenyekiti akasema. "Leo amewanywesha watoto. Kesho atawanywesha nini?"

Hakuna aliyenitetea, hata mimi. Jua lilikuwa linashuka kwenye ngano na shati langu lilikuwa limebaki na kifungo kimoja. Kisha mama mmoja akasimama akainua suruali inayodondoka. "Na hizi? Huku nguo inakauka siku tatu. Mtoto atavaa nini kesho?" Mwingine akainua mbili. Ghafla kukawa na suruali zimeinuliwa hema nzima, na watu wote wananitazama tena.

"Leteni zote kwangu," cucu wa Makena akasema, akiinuka kwa taabu (magoti yalikuwa yanamwuma kwa ajili ya riboni). "Jiko langu moto hauzimwi. Na huyu akuje azifue. Si alijaza yeye?"

Nilimfuata na gunia mgongoni, Makena mbele yetu akinguruma. Nilifua suruali ishirini na sita kwenye karai nje ya jiko lake, kwa maji ambayo vidole vyangu havijayasahau mpaka leo, halafu tukafunga kamba juu ya moto kutoka ukuta hadi ukuta, tukazitundika, na zikaanza kutoa mvuke. Cucu akanitandikia gunia la majani makavu karibu na mafiga, chini ya suruali, akasema hapo ndipo pangu mpaka zikauke, na zikikauka tutaona.

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja: sitampa mtoto wa mtu maji kwa mashindano, ni tone kwa tone kama dawa, na kabla ya tone la kwanza naulizia mlango. Nilianza kukitimiza usiku ule ule, maana cucu alipomaliza kutandika alinimiminia maziwa moto kwenye kikombe kikubwa, akaninyooshea, akasema, "Kunywa, kijana, upate joto." Nami nilikuwa natetemeka mpaka kwenye mifupa, na maziwa yalikuwa yananukia, na mikono yangu ilishaanza kwenda yenyewe.

"Asante, cucu," nikasema. "Lakini kwanza nionyeshe choo. Na uniambie kama kuna mgeni tunamngoja."